Taya la Mtoto Halisubiri Harusi



Sisi tunaoshona magauni ya harusi hapa Nassa tumechoka kuombwa shela za kuficha mdomo. Bibi harusi anakuja kupimwa, hacheki, kila mara mtandio mdomoni. Meno ya chini yametangulia ya juu. Mama yake pembeni: "Tulijua akikua litakaa sawa." Kumbe ameliona tangu binti ana miaka sita!

Halikai sawa. Mara nyingi linazidi kadiri mtoto anavyorefuka.

Halafu watu wanabishana: waya, kikombe cha kidevu au upasuaji, kipi bora? Hakuna anayeuliza mtoto ana umri gani, wala taya lipi lina kasoro. Kama la juu ndilo lililobaki nyuma, kuna kifaa cha kuvaa usoni chenye mipira inayolivuta mbele. Kinavaliwa kama saa 12 hadi 14 kwa siku, kwa miezi mingi, na kinafaa zaidi kabla ya miaka 10. Utafiti wa Uingereza uliotolewa 2016 ulifuatilia watoto kwa miaka sita: kati ya waliovaa, asilimia 36 walionekana kuhitaji upasuaji; wasiovaa, asilimia 66. Kikombe cha kidevu kinazuia taya la chini, lakini kikivuliwa linaweza kurudia mwendo wake. Waya zinapanga meno, hazisogezi taya. Mtu akishamaliza kukua, kasoro kubwa inabaki ya kisu. Hata sisi, gauni likishadariziwa lote, hatubadilishi mkato.

Wengine wanasingizia dini, eti ni kubadilisha umbo la Allah. Hadithi imewalaani wanaotenganisha meno kwa ajili ya urembo. Arfaja bin As'ad alipopoteza pua vitani, Mtume (s.a.w.) alimruhusu pua ya dhahabu. Mtoto asiyeweza kukata chapati kwa meno ya mbele anatafuta urembo gani?

Gharama tunaijua. Nauli ya Mwanza kila mwezi si mchezo, na ukielekezwa Muhimbili ndiyo zaidi. Ila sare za sendofu na kichen pati za familia hizohizo tunazishona sisi, na pesa zake tunazihesabu.

Mwenye mtoto wa miaka saba, leo usiku mwambie ang'ate, mmulike kwa tochi ya simu. Ya chini yakiwa mbele, likizo hii mpeleke kwa daktari wa meno.