Fainali ya Rades na funzo la VAR

Mashabiki wakianza kubishana nani 'alibebwa', fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2019 haikosi kutajwa. Mei 31, mjini Rades, Tunisia, baada ya sare ya 1-1 nchini Morocco, Esperance wakiongoza 1-0, Walid El Karti aliisawazishia Wydad Casablanca kwa kichwa. Mwamuzi Bakary Gassama akalikataa bao. Wydad wakataka VAR. Kumbe mitambo haifanyi kazi. Wakagoma kuendelea, na baada ya mvutano wa zaidi ya saa moja Esperance wakakabidhiwa kombe. CAF ikaamuru mechi irudiwe, CAS ikafuta uamuzi huo, na Agosti ubingwa ukabaki kwa Esperance.

Wa Wydad wanasema waliibiwa. Wa Esperance wanajibu: aliyegoma mwenyewe anadai nini? Kila upande una hoja, na kugoma si dawa. Ila kosa kubwa ni la waandaaji. VAR ikiahidiwa, ikaguliwe kabla ya filimbi ya kwanza. Ikigoma, timu zote mbili zielezwe mapema. Bila hivyo, hata anayeshinda kihalali ataitwa mwizi.