Mpangaji Asiyesumbua Mtu

Ukiuliza katika mitaa inayozunguka Mlimani, Dar es Salaam, ni mwanachuo yupi aliye jirani mwema, utajibiwa upesi: ni yule asiyesumbua mtu. Analipa kodi kwa wakati, hapigi muziki usiku, haleti makundi ya marafiki, na chumba chake huwezi kujua kama kina mtu. Wenye nyumba humsifu hivyo, wazazi huzirudia sifa hizo, na wanachuo wenyewe huzivaa kama nishani. Mimi nazipinga. Nazipinga kwa sababu nilisifiwa hivyo hivyo kwa miaka miwili, na najua sifa ile ilificha nini.

Chuo kile kilipoanza mwaka 1961, katika jengo la Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wachache tu, wote wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, na kwa muda mrefu mwanachuo alilala bwenini na kula chuoni. Mji ulikuwa chini, yeye alikuwa juu. Miaka ya 1990 ilipokuja, pamoja na sera ya kuchangia gharama na ongezeko la wanafunzi, vitanda havikutosha. Wengine walibebana, yaani wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja. Wengine tulishuka kupanga Sinza, Ubungo, Msewe na Changanyikeni. Mabweni yaliyofunguliwa mwaka 2017, yenye nafasi 3,840, yalipunguza shida hiyo lakini hayakuimaliza. Basi tulishuka, ila nitasema kweli, ni miguu tu iliyoshuka. Vichwa vilibaki kilimani.

Mwaka 1994 nilipanga Sinza, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, bomba moja uani na choo kimoja cha nje. Nilikuwa mwanachuo peke yangu. Tangu siku ya kwanza wale wapangaji wenzangu waliniheshimu kwa namna ambayo sikuistahili. Zamu ya kufagia uwanja ilinipita. Zamu ya choo ilinipita. Ulipopitishwa mchango wa msiba, daftari halikufika mlangoni kwangu. “Mwacheni, anasoma,” walisema. Nami nikaona hivyo ndivyo inavyopasa. Niliwasalimu wote kwa adabu, lakini hadi nilipohama sikujua jina la fundi seremala aliyelala ng’ambo ya ukuta wangu.

Mwaka ule kulikuwa na mgawo wa umeme. Usiku mmoja, mitihani ikiwa karibu, nilikuwa nikisoma kwa taa ya chemli. Kama saa nane hivi nikasikia mlango wa chumba cha kona ukifunguliwa kwa haraka, kisha mama wa chumba kile akilia kwa sauti ya chini, na nyayo zake zikija ukumbini. Mumewe alikuwa dereva wa malori, yuko safari. Nyayo zikafika mlangoni kwangu, ambako mwanga ulikuwa ukipenya chini. Zikapita. Akaenda kumgongea yule seremala, aliyekuwa usingizini. Mtoto alikuwa ameshikwa na degedege. Seremala akambeba mtoto begani, wakatoka kutafuta gari la kuwapeleka hospitali.

Nilisikia yote hayo. Nilikaa na kalamu mkononi nikajiambia kwamba wameshapata msaada, na kwamba kama wangenihitaji wangeniita. Kisha nikageuza ukurasa.

Mtoto alipona, Mungu ni mwema, akarudi siku ya tatu. Nilipokwenda kumpa pole mama yake, hakunilaumu hata kidogo. Aliniambia, “Tuliona taa inawaka, mwanangu, tukajua unasoma. Tukaona tusikusumbue.” Alisema kwa upole, nami ningependelea anitukane. Katika nyumba nzima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa macho, na ndiye mtu pekee ambaye mama mwenye mtoto mgonjwa aliona hafai kugongewa. Huyo ndiye mpangaji asiyesumbua mtu: hasumbuliwi pia.

Ndugu msomaji, jambo la kuchekesha ni kwamba mwaka uleule nilisafiri hadi kijijini, nikiwa na bunda la fomu za utafiti, kuwauliza wakulima jinsi wanavyosaidiana wakati wa shida. Nilikwenda mbali kutafuta kitu kilichokuwa kikipita mbele ya mlango wangu kila siku. Nikapewa alama nzuri.

Najua hoja za wanaonipinga, maana zilikuwa zangu. Ya kwanza husema mwanachuo ni mpita njia. Miaka mitatu tu, halafu anahama. Lakini wahenga walikwisha kuijibu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe jembe baada ya kujenga. Na ni nani mjini asiyekuwa mpita njia? Yule seremala alitoka mbali, yule dereva vilevile. Hapakuwa na hata mmoja aliyezaliwa Sinza, na wote walifagia.

Ya pili husema mwanachuo hana muda wala fedha. Kufagia uwanja huchukua dakika ishirini. Kukaa msibani jioni moja kunataka mkeka, hakutaki mshahara. Waliotuchangia misiba katika nyumba ile walikuwa wauza maandazi na vibarua, na muda wao ulikuwa mfupi kuliko wetu, kwa kuwa asubuhi isiyofanyiwa kazi kwao ilikuwa siku isiyo na chakula.

Ya tatu ina uzito zaidi, nami siidharau. Dada zetu wanaopanga peke yao hufunga mlango mapema kwa sababu za kweli: wapo wenye nyumba wasio na haya, na wapo vijana wa kijiweni wanaodhani msichana asiye na mzazi karibu hana mwenyewe. Wapo pia wenye nyumba wanaopandisha kodi wakisikia tu mwanachuo amepata fedha za mkopo. Lakini nauliza: ni nini kinachomlinda msichana huyo, komeo au mama watano uani wanaojua jina lake na saa anayorudi? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Baba yuko Songea. Jirani yuko ng’ambo ya ukuta.

Wala nisieleweke kwamba nawaita wasomi waende mitaani kuwaelimisha watu. La hasha! Huko nako ni kubaki kilimani kwa njia nyingine. Ukiweza kumsaidia mtoto wa jirani hesabu zake, msaidie. Lakini fagia kwanza. Jua majina. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajulikane kabla hujahitaji barua ya kufungulia akaunti benki. Daftari la msiba likikupita, lifuate. Na jambo gumu kuliko yote kwa mtu aliyezoea kujitegemea: omba. Omba chumvi, omba ndoo, omba moto. Asiyeomba kwa jirani anamnyima jirani haki ya kuomba kwake. Yule mama hakupita mlangoni kwangu kwa kuniogopa. Alipita kwa sababu hatukuwa tumewahi kudaiana hata kiberiti.

Leo nami nina nyumba Changanyikeni, na vyumba vitatu vya uani nimewapangisha wanachuo. Ni vijana watulivu kupita sisi. Muziki wao uko masikioni mwao, hausikiki. Umeme wanaununua kwa simu. Chakula huletewa kwa pikipiki hadi getini. Wanaweza kumaliza mwaka mzima bila kumhitaji mtu hata mmoja wa mtaa huu. Majirani huniambia nina bahati, wapangaji wangu hawasumbui. Kila nikisikia neno hilo nasikia zile nyayo ukumbini.

Kwa hiyo nimeweka sharti ambalo baadhi ya wazazi wamelilalamikia, wakisema wamelipa kodi ili mtoto wao asome, hawakumleta kufagia. Nawajibu kwamba atasoma. Lakini siku ya tatu baada ya kuhamia nampa ufagio, nampeleka nyumba kwa nyumba akataje jina lake na kusikia majina ya wengine, na mbele yake nawaambia majirani neno moja: huyu, hata mkiona taa yake inawaka, mgongeeni.