Gari Halipimwi Siku ya Maonyesho

Wanachuo wenzangu, tuambizane ukweli kuhusu magari tunayounda wenyewe kwa mradi wa mwaka wa mwisho. Siku ya maonyesho gari limesimama juu kama jogoo, rangi inang'aa, picha zinapigwa, maksi zinatoka. Rudi baada ya miezi miwili: limelala nyuma, tairi inakwaruza bodi, na waliolijenga wameshahitimu zao.

Hapo utasikia, "Shokapu zimekufa." Jamani, shokapu ya kawaida haibebi gari, inatuliza mtikisiko tu. Mbebaji ni springi. Na springi iliyokaa chini haijawa laini. Ugumu wake unatokana na aina ya chuma, unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko, na hivyo vyote viko palepale. Kilichopungua ni urefu. Piga hesabu: kona moja ikibeba kilo 250, springi ya nyutoni 25 kwa milimita, iliyosimama wima penye gurudumu, itabonyea kama milimita 98. Ikishapoteza milimita 15 za urefu wake itabonyea zilezile 98, ila gari litakaa milimita 15 chini.

Viwanda vinalijua hili. Springi mpya nyingi hubanwa hadi mizunguko igusane kabla ya kuuzwa, ili kule kukaa kuishie kiwandani. Kwenye gereji za mtaani kwetu Isevya, fundi anairudishia springi ya majani mgongo kwa nyundo, na gari linanyanyuka jioni ileile. Bila chuma kuchomwa na kupozwa inavyotakiwa, mgongo huo haukai. Simlaumu fundi, ameombwa urefu wa leo, katoa wa leo. Lakini sisi tunaoitwa wasomi tunakaza bolti za bushi gari likiwa juu ya jeki, mpira unajisokota na kulishikilia gari juu kwa uongo, halafu tunapima na kuandika ripoti. Bushi za mpira hukazwa tairi zikiwa chini, zimebeba uzito.

Hoja yangu ni hii: maksi zitolewe mara mbili. Nusu siku ya maonyesho, nusu baada ya gari kubeba mzigo kamili na kutembea kilomita 300. Kipimo ni kilekile, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kabla na baada. Mtaniambia muhula ni mfupi na mafuta ni ghali. Sawa, basi tujenge gari dogo zaidi na tulimalize mapema. Rangi inaweza kusubiri.

Sisi wa Tabora tusilione hili geni. Misafara ya zamani iliyotoka pwani kuja Unyanyembe ilizoea kuifanya safari ya siku ya kwanza kuwa fupi, ili mizigo irekebishwe na kilichosahaulika kifuatwe kabla ya kwenda mbali. Walijua mzigo unaonekana sawa mpaka uanze kutembea. Na wenzetu wa Makerere hawakuishia kwenye picha za Kiira EV ya 2011. Mwaka 2016 lilizinduliwa basi la Kayoola.

Tukiendelea kupimwa siku ya picha, kila darasa litaanza upya, na ua wa karakana utazidi kujaa magari yaliyolala. Anayefuata anahitaji namba zetu za kilomita ya 300 kuliko picha yetu.