Tutembee kwa Macho: Kinga kando ya bahari ya Norway



Juma lililopita tuliacha neno moja bila kulimaliza. Fedha za sanduku la MUSO zinatosha kununua kinga mbili za kubebea mihogo kutoka shambani hadi sokoni, lakini kikundi kiligawanyika. Wengine walisema kinga ni chombo cha wanaume, na mama anayepanda kinga na kikwembe chake atachekwa njia nzima. Mama mmoja mzee aliuliza: "Kuna nchi ambako mama wa watoto anapita juu ya kinga na hakuna anayegeuka kumtazama?" Tulimwahidi jibu. Jibu ni ndiyo, tena nchi si moja. Leo tutembelee moja yao kwa macho, kisha turudi kwenye sanduku letu.

Nchi yenyewe ni Norway, kaskazini kabisa ya Ulaya. Si jina geni kwetu. Ni Oslo, mji wake mkuu, ambako Daktari Mukwege alipokea Tuzo ya Nobeli ya Amani tarehe 10 Desemba 2018. Wazee wa Kaziba wanawakumbuka wamisionari waliotoka huko. Na makayabu tunayonunua, mengine yanatoka katika maji ya Norway.

Kuna barabara huko inaitwa Kystriksveien, namba 17. Inaanza mji wa Steinkjer, inapanda kaskazini kando ya bahari, inafika Bodø. Ni kilomita karibu 650, yaani kama mara tano ya njia ya Uvira kwenda Bukavu. Watu wengi wanaipita kwa motokari, lakini wakati wa joto wako wanaoipita kwa kinga: vijana, wazee wa pansheni, baba na mama na watoto. Mfuko mmoja unaning'inia kila upande wa gurudumu la nyuma, hema imefungwa juu, na mtoto mdogo anakaa katika kigari kinachovutwa nyuma ya kinga ya mzazi. Wengi wanakwenda kilomita 50 au 60 kwa siku, kisha wanapumzika. Sheria ya nchi ya mwaka 1957 inamruhusu kila mtu kulala usiku katika hema kwenye pori lisilolimwa, mradi awe mbali na nyumba ya watu mita 150.

Bahari ya huko imeingia kati ya milima kama vidole vya mkono. Kwa sababu hiyo barabara inakatika mara sita, na kila mara msafiri anavuka kwa boti kubwa inayobeba magari. Mwenye kinga anaisukuma ndani, anaifunga kwa kamba, anapanda juu kuota jua au kunywa kahawa. Safari ya Kilboghamn hadi Jektvik ni ya karibu saa nzima, na katikati ya maji boti inapita mstari wa Aktiki. Kuanzia hapo kwenda kaskazini, ziko siku za mwezi wa sita ambazo jua halizami kabisa. Mtu anaweza kupanda kinga saa sita ya usiku na kuona njia vizuri.

Tusiipambe mno. Mvua na upepo vya huko ni vikali hata wakati wa joto. Barabara inapita mara nyingi ndani ya milima iliyotobolewa, na baadhi ya njia hizo ndefu zimekatazwa kwa kinga, kwa sababu ya giza na moshi wa magari. Msafiri mwenye akili anauliza mapema, anavaa nguo inayong'aa, na anawasha taa mbele na nyuma.

Njiani kuna hadithi ambayo mtaweza kuwasimulia watoto. Karibu na mji wa Sandnessjøen imesimama milima saba kwa mstari, na watu wanaiita Dada Saba. Wanasema zamani walikuwa mabinti wa mfalme mmoja. Usiku walikwenda kuoga pamoja na msichana mwingine, Lekamøya. Kijana mmoja mwenye farasi akamwona Lekamøya, akamtaka kwa nguvu, akawafukuza wote. Dada saba wakachoka, wakaanguka pale pale. Lekamøya akaendelea kukimbia peke yake kuelekea kusini. Kijana alipoona amemkosa, akapiga mshale amuue. Mfalme wa mahali panapoitwa Sømna akaona, akavua kofia yake na kuitupa katikati, na mshale ukatoboa kofia badala ya msichana. Papo hapo jua likachomoza na wote wakageuka mawe. Kofia hiyo ni mlima wa Torghatten, karibu na Brønnøysund, na tundu lake lipo kweli: lina urefu wa mita 160, na mtu anapita ndani yake kwa miguu. Sisi wa Kivu tunajua kwa nini hadithi kama hii haizeeki. Mwambieni binti yenu habari za yule aliyetupa kofia, na mwambieni kijana wenu pia.

Sasa tufike mahali tulipotaka hasa. Barabara inapopita Horn, kuna boti nyingine ya kwenda visiwa vya Vega. UNESCO iliviandika katika urithi wa dunia mwaka 2004, na sehemu ya sababu ni kazi ya wanawake. Wanaume walikuwa wakienda mbali kuvua samaki. Wanawake walibaki na ng'ombe, watoto, shamba, na ndege. Kuna bata wa bahari ambaye anajing'oa manyoya laini ya kifua ili kuyafunika mayai yake. Wamama wa Vega waliwajengea bata hao vijumba vya mawe na mbao, wakatandika majani ya bahari yaliyokauka, kisha wakangoja. Bata walipofika, kila mtu alitembea polepole, sauti chini, mbwa wakazuiwa. Vifaranga walipoondoka na mama yao kwenda majini, ndipo wanawake walipookota manyoya, wakayasafisha kwa mkono muda mrefu, na kuyauza. Kwa blanketi moja zinahitajika manyoya za viota zaidi ya 50. Fedha hiyo ilisaidia nyumba nyingi. Hata leo wako wanaoendeleza kazi hiyo.

Kazi yao ilikuwa ya nyumbani, ya kila siku, na ilikuwa rahisi kwa mpita njia kusema "si kitu, ni kuokota manyoya tu." Wahenga wetu walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetazama mzigo kutoka mbali anaona ni mwepesi. Wamama wa Vega walibeba usufi wenyewe, na bado ulikuwa mzito.

Mwisho wa barabara, kutoka Bodø, boti inavusha watu hadi visiwa vya Lofoten. Huko, tangu mwezi wa pili hadi wa tano, samaki wanatundikwa wawili wawili juu ya miti, nje, bila chumvi. Upepo na baridi ndivyo vinavyowakausha. Anayeanika ndagala ufukweni angeelewa kazi hiyo bila kufundishwa. Na watoto wa huko, baada ya masomo, hukata ndimi za samaki na kuziuza, na fedha inakuwa ya mtoto mwenyewe.

Turudi kwetu. Hatusemi barabara yetu ni kama yao. Ya kwao ina lami. Ya kwetu ina vumbi, matope, malori na vizuizi. Wao wanapanda kinga kwa furaha. Sisi tunaitaka kwa sababu ya mgongo. Mama anayetoka shambani na kilo 50 kichwani au mgongoni, mtoto kifuani, anafika sokoni jua likiwa juu, bei imekwisha kushuka. Hapo ndipo neno letu lilipo. Kuchekwa kunaisha baada ya siku tatu. Mgongo uliovunjika hauponi kwa siku tatu.

Wale waliokataa hawakukosa hoja zote. Kinga inaweza kuanguka na mama akaumia. Inaweza kuibiwa. Inaweza kuingia nyumbani na mume akaifanya yake. Ndiyo maana sisi wa ofisi ya chama tunaleta pendekezo, si amri:

Kinga ziandikwe kwa jina la kikundi, na zilale kwa mweka sanduku, si kwa mtu mwingine.

Kila mama anayetaka ajifunze kwanza Jumapili alasiri, mahali tambarare, bila mzigo, na wasichana wetu wakubwa wafundishwe pamoja naye. Asiyetaka kupanda ana haki ya kuisukuma ikiwa imebeba mihogo. Hata hivyo mzigo umetoka kichwani.

Mama mjamzito, au mwenye maumivu, aulize kwanza muuguzi.

Kila anayeitumia atoe kidogo kwa ajili ya matairi na breki, na aandikwe katika daftari.

Tutapiga kura katika mkutano wa juma lijalo. Njooni wote, hata mliokataa, maana kura ya asiyekuja haihesabiwi. Na yule mama mzee aliyeuliza swali tunamwomba akae mbele. Tunajua hatapanda kinga. Lakini binti ya binti yake alikuja kutuuliza, kwa sauti ndogo, kama orodha ya kujifunza imekwisha kufunguliwa.

Tumemwambia imefunguliwa, na jina lake ni la kwanza.