Kofia Ngumu Iwekwe Wapi?

Mwanafunzi mpendwa,

Jumamosi iliyopita niliamka nikiwa na nia moja tu: kuiwasha pikipiki yangu na kwenda kutazama maziwa ya kreta yaliyo kusini mwa mji wetu wa Fort Portal. Si safari ya mbali. Mtu hupita kando ya mashamba ya chai na migomba, huingia barabara ya changarawe, na kabla jua halijawa kali huwa amefika juu ya ziwa Nyinambuga, lile ambalo picha yake imo katika noti ya shilingi 20,000 ya Uganda. Sikuwa na mgonjwa wa kumjulia hali wala mzigo wa kupeleka. Nilitaka kutembea, nipate upepo, kisha nirudi kusahihisha insha zenu.

Sikwenda. Na sababu zilizonizuia, nikikutajia moja moja, utazicheka.

Betri ilikuwa imeisha nguvu, ikanibidi kupiga kiki mpaka jasho likanitoka. Tairi la nyuma lilikuwa limepungua upepo. Mnyororo ulikuwa mkavu, na chupa ya oili niliyoiweka dirishani haikuwepo. Koti la mvua lilikuwa bado na tope la Alhamisi. Kofia yangu ngumu ililowa siku hiyohiyo, na sifongo yake ilikuwa imeanza kutoa harufu ambayo heshima inanizuia kuieleza. Nikakumbuka vumbi la changarawe. Nikakumbuka matuta yasiyopakwa rangi, ambayo huyaoni mpaka yamekurusha. Nikakumbuka askari wa barabarani ambao wangetaka leseni na bima, nami nilikuwa sijui bima nimeiweka katika mkoba upi. Mwisho nikajiuliza: nikifika ziwani nikataka kushuka hadi majini, koti na kofia nitamwachia nani? Saa nne ilipogonga nilikuwa nimekaa barazani, kalamu nyekundu mkononi, pikipiki imeegemea ukuta.

Huenda ukasema kwamba nchi ina matatizo makubwa kuliko Jumamosi ya mwalimu iliyoharibika. Ni kweli. Lakini nakuomba unisikilize, kwa maana nimekuja kuamini kwamba kero ndogo za mwendesha pikipiki ni jambo la uraia, tena jambo la uhai.

Tazama jinsi kero inavyofanya kazi. Haimkatazi mtu, humchosha. Na mtu aliyechoshwa ana njia mbili. Ya kwanza ni kubaki nyumbani, kama nilivyofanya mimi, na hasara yake ni upepo wa asubuhi tu. Ya pili ni kwenda, ila kuiruka ile kero: koti linanuka, basi aende bila koti, tairi limepungua, litavumilia, kofia haina pa kuwekwa, basi ibaki nyumbani. Kwa anayetembea kwa kujifurahisha, njia ya kwanza iko wazi. Kwa anayekwenda kazini, sokoni au hospitali, kubaki nyumbani hakuwezekani, hivyo huishika ile ya pili. Ndiyo maana kero ileile inayomnyima mmoja matembezi yake humvua mwenzake kinga.

Naandika haya si kwa kusikia kwa watu. Miaka michache iliyopita nilikwenda katika ofisi moja kupigiwa mhuri fomu. Mlinzi wa mlangoni akaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba kofia ngumu haziingii ndani. Nikamwuliza niiweke wapi. Akanionyesha pikipiki yangu. Nikaitundika kwenye kioo cha pembeni, na nilipotoka haikuwepo. Mshahara ulikuwa mbali. Nikajiambia kwamba nitanunua nyingine mwisho wa mwezi, na kwamba hadi wakati huo nitafanya safari fupi tu.

Mwisho wa mwezi ulipita, na mwingine ukapita. Jioni moja nilimpakia mdogo wangu, tukaenda kununua mikate dukani, mwendo usiofika kilomita moja kutoka nyumbani. Sikuwa naendesha kwa kasi. Mbuzi alivuka, nikafunga breki, tukaanguka. Mimi nilichubuka kiwiko. Mdogo wangu alikipiga kichwa kwenye ukingo wa karavati, akalazwa siku kumi na moja. Leo anafanya kazi zake, anacheka, anaimba kanisani, ila sikio lake la kushoto halisikii. Ukitaka kumwambia neno, zunguka upande wa kulia.

Mlinzi hakuwa na kosa. Alitii amri aliyopewa. Mwizi alikosa, lakini si yeye aliyempakia mtu asiye na kofia. Kosa lilikuwa langu, nami silikwepi. Hata hivyo nimejiuliza mara nyingi: kama mlangoni pale pangekuwa na misumari kumi tu ukutani, mbele ya macho ya mlinzi, jioni ile ingekuwaje?

Safari fupi ndiyo inayotudanganya, na si sisi wa leo tu. Tarehe 13 Mei 1935 Mwingereza mmoja maarufu, T. E. Lawrence, alikuwa akirudi nyumbani kwake kwa pikipiki baada ya kutuma telegramu kwenye kambi ya kijeshi iliyokuwa jirani. Alijaribu kuwakwepa wavulana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akaanguka. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Alikufa siku sita baadaye, akiwa na umri wa miaka 46. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, ambaye kifo hicho kilimgusa. Mwaka 1941 Cairns alichapisha uchunguzi wake kuhusu majeraha ya vichwa ya waendesha pikipiki, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawaamuru askari wake wa pikipiki kuvaa kofia. Raia wa kawaida nchini humo hawakulazimishwa na sheria mpaka mwaka 1973. Hesabu mwenyewe: miaka 32 kati ya kujua na kutenda. Basi tusidhani kwamba ujuzi peke yake humvisha mtu kofia.

Nasi leo ujuzi tunao. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna sababu ya kifo inayozidi barabara. Vijana hao ni ninyi mnaonisoma. Sheria nayo ipo: hapa Uganda mwendeshaji na abiria wake wanatakiwa wote wawili kuvaa kofia. Simama dakika tano katika njia panda yoyote ya mji, kisha uniambie umewaona abiria wangapi waliotii.

Najua jibu nitakalopewa na wazee wenzangu katika chumba cha walimu: "Huo ni uvivu tu. Mtu mzima ajitunze. Je, serikali imshike mkono hata kuvaa kofia?" Jibu hilo lina ukweli ndani yake, nami nimekwisha kukiri uvivu wangu. Lakini kumbukeni mwaka 2020. Tulikuwa tumefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba mikono inaoshwa kwa sabuni, nani asiyejua? Hata hivyo wengi wetu hatukuosha, mpaka zilipowekwa ndoo za maji zenye bomba kwenye kila mlango wa duka, benki na shule. Ghafla watu wakaosha, kwa sababu maji yaliusogelea mkono. Ndoo zilipoondolewa, kunawa nako kukapungua. Je, watu waligeuka wema kwa mwaka mmoja kisha wakarudi kuwa wabaya? La. Jambo jema lilirahisishwa, kisha likafanywa gumu tena.

Huo ndio msimamo wangu: kabla ya kumlaumu mwananchi kwa kutofanya lililo sahihi, tumwulize ni mara ngapi tumemwekea kisiki njiani. Tunamwambia avae kofia, kisha tunamkataza kuingia nayo, wala hatumpi pa kuiweka. Tunamwambia abiria wa bodaboda avae kofia ya dereva, ile iliyokwisha kuvaliwa na watu ishirini tangu alfajiri, kisha tunashangaa akikunja uso. Dada aliyekaa saa nne akisukwa nywele tunamwita mzembe kwa kuikataa, badala ya kumpa kitambaa safi cha kuvaa ndani. Tunamwambia apunguze mwendo kwenye tuta ambalo rangi yake imefutika zamani.

Sisemi kero iwe udhuru. Askari akinikamata bila kofia, anitoze faini. Haki yake na yangu. Nasema faini bila msumari wa kutundikia kofia ni nusu ya kazi. Sheria humsukuma mtu kwa nyuma, lakini njia ya mbele nayo inapaswa kusafishwa. Na usafishaji wenyewe mara nyingi hauhitaji bajeti ya wizara.

Muhula uliopita nilimwomba mkuu wa shule ruhusa. Tukatafuta ubao mmoja, fundi seremala akaupigilia vigingi kumi na viwili, tukauweka kwenye ukuta wa nje karibu na dirisha la karani, ambapo daima pana mtu anayeona. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko bei ya kofia moja. Leo walimu, wazazi na madereva wa bodaboda wanaoleta watoto hutundika hapo. Sikudai kwamba ubao huo umeokoa maisha ya mtu. Nimeona tu kwamba walimu wawili waliokuwa wakija vichwa wazi sasa wanakuja na kofia, na hakuna aliyewahubiria.

Baada ya hapo nilikwenda kwa mama mwenye duka la mikate, lile la jioni ile. Nikamweleza haja yangu. Akaniita kwa jina la heshima, kama ilivyo desturi yetu huku Tooro: "Atwooki, mbona hukusema siku zote hizo? Piga misumari hapo, ila kofia zisiguse mikate yangu." Misumari minne iko pale hadi leo. Ni hilo tu lililohitajika: mtu mmoja aulize.

Kwa upande wetu waendeshaji, tusingoje kila kitu kutoka kwa wengine. Kero nyingi za asubuhi huzaliwa jioni iliyotangulia. Kofia iliyolowa ianikwe usiku uleule. Tairi likaguliwe Ijumaa, wakati fundi bado yupo. Bima na leseni zikae pamoja, mahali pamoja. Na ukiwa na kiti cha abiria, uwe na kofia ya abiria. Usiponunua ya pili, basi ujue kwamba chombo chako kina nafasi ya mtu mmoja.

Sasa kazi yako, mwanafunzi wangu. Kwa juma moja, angalia mahali unapopita: shuleni, kanisani au msikitini, sokoni, kwenye zahanati. Chagua kero moja tu inayomfanya mwendesha pikipiki au abiria wake aache kujikinga. Kisha andika barua rasmi ya Kiswahili, isiyozidi ukurasa mmoja, kwa mtu mwenye uwezo wa kuiondoa: mwenyekiti wa baraza la kijiji, mkuu wa shule, mwenye duka. Usilalamike. Eleza ulichokiona, taja kinachohitajika na gharama yake, na ujitolee kusaidia kukifanya. Zingatia anwani, salamu, mtajo wa kichwa cha barua na saini, kama tulivyojifunza. Barua nzuri nitaisahihisha. Iliyo nzuri zaidi tutaipeleka pamoja kwa mwenyewe.

Mimi nami nina kazi ya nyumbani. Betri imekwisha kuchajiwa, na kofia mbili ziko juani. Jumamosi ijayo natarajia kwenda ziwani, na mdogo wangu amesema atakuja. Atakaa nyuma, kofia kichwani, na nikitaka kuzungumza naye nitasimama kwanza kando ya barabara, nigeukie upande wake wa kulia.