Jasho la Mwandishi Linavunwa na Nani?

WAKO wananchi wanaoamini kwamba simu ya mkononi imemkomboa msomaji wa habari. Kwa kiasi fulani wasema kweli. Zamani gazeti lililochapwa Dar es Salaam lilimfikia mwalimu wa Kigoma siku kadhaa baada ya tukio. Leo habari ile ile humfikia kabla ya kengele ya kwanza.

Lakini habari hiyo nani kaitafuta, na kalipwa na nani? Gazeti halikupata kuendeshwa kwa bei ya nakala peke yake. Liliendeshwa kwa matangazo. Huko Marekani magazeti yalipata takriban dola bilioni 49 za matangazo mwaka 2006. Mwaka 2020 hayakufikisha hata bilioni 10. Fedha hizo hazikuyeyuka. Sehemu kubwa imehamia kwa makampuni kama Google na Facebook, ambayo hayapeleki mwandishi hata mmoja kwenye baraza la madiwani. Hapa kwetu zabuni za Serikali, zilizokuwa zikijaza kurasa, sasa zapitia mfumo wa NeST ulioanza mwaka 2023. Mfumo huo una faida zake, wala sidai tuurudie utaratibu wa zamani. Ila anayeumia kwanza ni mwandishi wa wilayani, anayelipwa kwa habari moja moja na nauli akajitafutia mwenyewe.

Asipokwenda yeye, atakwenda nani? Mwenye simu atapiga picha ya darasa lililoezuliwa na upepo, na atakuwa ametenda jambo jema. Lakini picha haisomi vitabu vya hesabu vya halmashauri, wala haimwulizi mkandarasi alilipwa lini na kwa kazi ipi.

Mwaka 2021 Australia ilitunga sheria ya kuyabana makampuni hayo yapatane na vyombo vya habari juu ya malipo. Canada ilipofuata mwaka 2023, Meta, mwenye Facebook, iliona heri kuziondoa habari katika mitandao yake nchini humo kuliko kulipa. Ndiyo tabia ya mnyonyaji aliyeguswa mrija.

Tanzania nayo mwaka 2022 iliweka kodi ya asilimia 2 kwa huduma za kidijiti za makampuni ya nje. Sehemu ya kodi hiyo itengwe kuwalipa waandishi wa wilayani, kwa mfuko usioshikwa na wizara wala halmashauri. Mkurugenzi hawezi kuchunguzwa na mtu anayemtilia saini posho. Hoja hii yafaa ijibiwe na wahusika wa Hazina katika bajeti ijayo.