Mchezo Usiojua Kuaga

Siku ya Idi mosi, sinia la pilau limeshatuliwa mkekani, watu wamekwisha nawa, na mpwa wangu wa miaka 13 yuko pembeni kainamia simu. Mama yake akamwita, akaitika bila kusogea. Akamwita tena, akaitika tena. Mara ya tatu nikamwita mimi, kwa ile sauti ambayo nyumbani kwetu haingoji mara ya nne. Naye, macho yasiondoke kwenye kioo, akanijibu: "Mjomba, nikitoka sasa hivi wenzangu watakufa."

Nikampokonya simu nikaizima. Pilau ililiwa, mtoto akila na machozi yake, nami nikijihesabu kuwa nimelea. Usiku ndipo lile neno lilipoanza kunisumbua. Hakusema mechi yake itaharibika. Alisema wenzangu. Kumbe huko ndani ya simu kulikuwa na watoto wengine watatu wanaomtegemea, wawili kati yao nawajua kwa baba zao, na mimi nilikuwa nimemtorosha mwenzao vitani bila hata kuuliza vita vyenyewe ni vipi.

Ndugu msomaji, nayaandika haya kwa wazazi na walezi wenzangu, ambao wengi wetu tunaihukumu michezo ya kompyuta kwa namna moja kati ya mbili: ama tunailaani yote kuwa ni upotovu, ama tunamkabidhi mtoto simu ili anyamaze nasi tupumzike. Namna zote mbili zina kasoro moja. Hakuna aliyeutazama mchezo wenyewe.

Tuanze na hoja inayopigiwa kelele kuliko zote, hoja ya damu. Si mpya. Desemba 1993 maseneta wa Marekani waliketi kuijadili Mortal Kombat, gemu ambayo mshindi anaweza kumng'oa mshindwa kichwa kikatoka pamoja na uti wa mgongo. Mwaka uliofuata kampuni za michezo, kwa kuogopa kutungiwa sheria, zikajiundia utaratibu wa alama za umri, ambazo mpaka leo zinachapwa kwenye majalada. Je, damu ile humfanya mtoto kuwa muuaji? Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilizipitia tafiti na mwaka 2020 kikasema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuifungamanisha michezo hii na ukatili mkubwa. Kinachoonekana ni uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana. Naukubali uamuzi huo, ila sikubali ugeuzwe kisingizio. Jalada la Grand Theft Auto linasema wazi kuwa gemu hiyo si ya watoto, nami nimemkuta mtoto wa darasa la tatu akiicheza kwenye kibanda cha gemu, mwenye kibanda akimwelekeza namna ya kuiba gari. Hatakuwa jambazi kwa hilo. Lakini mle mna maneno na mambo ya wanawake ambayo mimi, na mvi zangu, nisingethubutu kuyatazama mbele ya mama mkwe. Kwa nini ayaone yeye?

Wanaoisifu michezo hii nao wana la kusema, na baadhi ya sifa zao ni za kweli. Mwaka 2007 ulichapishwa Marekani utafiti uliowapima madaktari wanaopasua kwa kamera na vyuma virefu vinavyopitishwa katika tundu dogo. Wale waliowahi kuwa wachezaji wa gemu kwa zaidi ya saa tatu kwa wiki, makosa yao yalipungua kwa asilimia 37 wakilinganishwa na wasiocheza kabisa. Hapo msomaji asikimbilie kumnunulia mwanawe PlayStation akidhani amemlipia ada ya udaktari: waliopimwa walikuwa 33 tu, na huenda mwenye mkono mwepesi ndiye anayevutwa na gemu, wala si gemu iliyompa mkono. La kunishangaza zaidi ni Foldit, mchezo wa kukunja protini kama fumbo, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Washington. Mwaka 2011 wachezaji wake, wengi wao wasio wanasayansi, waliligundua ndani ya wiki tatu umbo la kimeng'enya cha kirusi kinacholeta kwa nyani ugonjwa unaofanana na UKIMWI. Fumbo hilo lilikuwa limewasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka kumi.

Nyingine ni sifa ambazo mtu huziona kwa macho yake. Binti wa dada yangu hucheza Minecraft, gemu iliyoanzishwa mwaka 2009 na Msweden mmoja, Markus Persson, ambamo mtoto hupewa vitalu vya udongo, mawe na mbao ajenge atakacho. Alinionyesha nyumba ya bibi yake ya Pangani aliyoijenga mle ndani: baraza ipo, kisima kipo, hata banda la kuku lipo mahali pake. Nikamwambia kisima kiko upande wa pili. Akanijibu kuwa cha zamani kilifukiwa, hiki ni kile kipya. Mimi sikuwa na habari.

Hata kibanda chetu cha gemu, ambacho kila mtu anakitupia jiwe, kina heshima yake. Televisheni moja, padi mbili, benchi la mbao, na sarafu ya shilingi 200 kwa mechi ya mpira. Anayefungwa anatoka, wa foleni anaingia. Mtoto anajifunza kufungwa mbele za watu na kumkabidhi mwenzake padi bila kuzira, funzo ambalo baadhi ya viongozi wetu wa siasa lingewafaa. Uoza nao umo: watoro wa shule, wanaowekeana pesa juu ya mechi, na hela ya sukari inayotumwa dukani isifike. Lakini jioni kibanda hufungwa, na hapo sasa ndipo nilipokuwa naelekea.

Barazani kwetu Tanga tunacheza bao kila jioni. Ubao una mashimo 32, kete ni 64, na fundi huihesabu mizunguko ambayo macho ya mgeni hayaioni. Ni mchezo mkali. Una majivuno, una matusi ya utani, na aliyefungwa mkononi, kete zake za akiba hazijaisha, hulala na aibu. Lakini bao huisha. Mstari wa mbele wa mmoja ukikauka, basi. Hakuna kete inayomfuata mtu nyumbani usiku kumnong'oneza kuwa kesho asipokuja mapema atapoteza zawadi.

Ukitaka kujua gemu gani itamfuata mwanao kitandani, usiulize ina bunduki au haina. Uliza mwenye gemu anapata pesa yake wakati gani. Mashine za miaka ya 1970, kama ile Space Invaders iliyotoka Japani mwaka 1978, zilikula sarafu. Zilitaka ufe upesi uweke nyingine, na mfuko ukikauka zilikuacha uende zako. Baadaye gemu ikauzwa kama kitabu, kwanza kaseti, kisha diski. Ulilipa mara moja, na muuzaji hakujali tena kama utaicheza saa mia au utaitupa kabatini. Simu ndiyo iliyoigeuza biashara. Gemu nyingi za simu hupakuliwa bure, na anayekukaribisha bure mlangoni sharti awe na njia ya kukutoza ukiwa ndani. Njia ya kwanza ni kuhakikisha hutoki.

Itazame Candy Crush Saga ya mwaka 2012, ile ya peremende, ambayo hata akina mama wa makamo wanaicheza kwenye daladala. Hakuna damu wala tusi. Unapewa roho tano. Zikiisha, kila moja inakungojesha dakika 30 mpaka irudi, au ulipe. Wameitengeneza subira kwa mikono yao, kisha wanakuuzia nafuu ya kutoisubiri. Mwaka 2016 kampuni iliyoibuni ilinunuliwa kwa takriban dola bilioni 5.9. Kwa peremende za picha!

Mbinu nyingine ni zawadi ya kila siku, ambayo ukikosa siku moja hesabu inaanza upya. Nyingine ni sanduku la bahati: mtoto analipa asijue atakachotoa, huenda bunduki ya dhahabu, huenda takataka, na taa zinawaka na muziki unalia kama zile mashine za mitaani tunazoziita dubwi. Ubelgiji iliangalia jambo hili na mwaka 2018 ikasema masanduku ya kulipia ni kamari, basi. Marekani nako, mwaka 2022, kampuni ya Epic Games yenye Fortnite ilikubali kutoa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya tume ya biashara ya serikali kudai kwamba vitufe vilipangwa kwa namna ya kuwanunulisha watu vitu wasivyokusudia. Hapa kwetu sheria inamkataza mtoto wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inajua dubwi likoje. Naiomba ifungue simu ya mtoto yeyote, itazame sanduku likifunguka, kisha ituambie tofauti ni ipi.

Wapo wanaotaka serikali ipige marufuku moja kwa moja. Uchina imejaribu: tangu 2021 mwenye umri chini ya miaka 18 anaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Korea Kusini iliwahi zaidi. Mwaka 2011 ilitunga sheria ya kuwafungia watoto wa chini ya miaka 16 kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakaingia kwa vitambulisho vya wazazi, na sheria yenyewe iliufunga mlango wa kompyuta ikaliacha wazi dirisha la simu. Baada ya miaka kumi wakaifuta. Sisemi sheria haina kazi. Nasema aliyeko chumbani na mtoto saa sita usiku si mbunge.

Wala tusiogope kila saa inayopotea. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa gemu katika orodha yake inayotumika tangu Januari 2022, lakini halikuhesabu saa. Lilitaja mtu aliyeshindwa kujizuia, ambaye mchezo umetangulia mambo yake yote, na anaendelea ingawa anaona unamharibia, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Mtoto aliyekesha wakati wa likizo siye huyo. Mtoto aliyeacha mpira, akaacha marafiki, akaacha kula, mpeleke kwa daktari, bakora haitamrudisha.

Kabla sijatoa nasaha zangu, niwasimulie kisa cha Lual Mayen. Familia yake ilikimbia vita vya Sudan Kusini, naye akakulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu akampatia kompyuta ndogo ya dola 300, na kijana akawa anatembea mwendo wa saa kadhaa kwenda kuichaji. Gemu ya kwanza aliyokutana nayo ilikuwa Grand Theft Auto, hiyohiyo niliyoishtaki hapo juu. Yeye hakujifunza kuiba magari. Alijiuliza: kama mchezo unaweza kubeba vita, kwa nini usibebe amani? Akajifundisha kuandika programu na akaanza kutengeneza Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia na kutafuta maji, chakula na dawa. Baadaye akafungua kampuni yake Washington. Sasa niulize: ingekuwaje kama mama yule angeipokonya ile kompyuta siku alipoona bunduki kiooni?

Kwa hiyo nakusihi, keti na mtoto umtazame akicheza. Usimhubirie, tazama. Mwambie akueleze sheria za mchezo kama unavyomweleza mgeni bao. Kama gemu inadai pesa, ikudai wewe, kwa namba ya siri ambayo mtoto haijui, wala simu yenye pesa isilale chumbani kwake. Ukitaka aache, muulize mechi inaisha lini. Nimekwisha jifunza kwamba katika Free Fire, ile ya mpwa wangu, watu 50 wanashuka kisiwani kwa parachuti na mechi huchukua dakika kumi na kitu, nayo haisimamishwi kwa kuwa upande wa pili kuna watu. Dakika zile mpe. Baada ya hapo, "moja tena" usiikubali, maana hiyo haikutoka kwa mtoto, imetoka kwa mwenye gemu.

Jumamosi iliyofuata Idi nilikwenda kwa dada yangu nikamwomba kijana anifundishe. Niliuawa mara tano, mara moja nikiwa bado najaribu kujua nimetazama upande gani, na sijawahi kumwona akicheka vile. Tukapatana: mechi tatu baada ya sala ya Isha, kisha simu inalala kabatini kwa mama yake. Akaniwekea sharti lake, kwa adabu, lakini sharti: na mimi niondoke barazani kwenye bao kabla ya saa nne usiku, kwani mke wangu amelalamika. Nikakubali. Hii ni wiki ya tatu, na aliyevunja ahadi mara mbili ni mimi.